Kijiko cha Kwanza cha Tunu

Hapo zamani. Si zamani ile ya fisi kuoa na sungura kuwa karani, la. Ni zamani ya juzijuzi tu, ya watu wenye majina, na ukifika bonde lao leo utawakuta wajukuu wao. Haya, sogeeni. Na wewe unayetafuna huko nyuma, tafuna umalize, mimi sishindani na meno ya mtu.

Nina kijiko kimoja na watu watatu. Kijiko chenyewe hakigawanyiki. Nikimaliza nitawauliza apewe nani, na nitataka jibu, sitaki kukodolewa macho.

Bonde liliitwa Kisukwa. Watu wake walilima miwa, na kila nyumba ilikuwa na kinu chake cha kukamulia, kinazungushwa na ng'ombe, na karai lake kubwa la chuma la kupikia sukari guru. Sasa shikeni jambo hili la karai, maana kesi yote imetoka humo. Maji ya miwa yakishachemka hayaachwi. Huendi msalani, huendi kupokea mgeni. Mmoja anachochea moto kwa makapi, mmoja anaengua povu, mmoja anakoroga mpaka rojo lishike. Ukigeuka kidogo tu, limepanda na kumwagika. Ukigeuka tena, limeungua, na sukari iliyoungua hata mbuzi anaikataa.

Na walikuwa na sheria yao juu ya watoto. Mpaka mtoto atimize miezi sita, kinywa chake ni cha mama yake peke yake. Ziwa tu. Si maji, si uji, na sukari ndiyo kabisa usithubutu, ingawa bonde zima lilikuwa linanata sukari mpaka vitasa vya milango. Siku ya kutimiza miezi sita ndugu wanakusanyika, unapikwa uji mwepesi wa ulezi, na mama anamkabidhi mtu mmoja kijiko amlishe mtoto mara ya kwanza. Huyo anaitwa mshika kijiko. Tangu siku hiyo, mama akiwa kwenye karai, mtoto yuko mikononi mwa mshika kijiko, na hakuna mwingine, hata awe nani, anayetia kitu kinywani mwa mtoto yule bila ruhusa yake. Kilikuwa cheo kikubwa. Watu walinuniana miaka kwa ajili yake.

Basi katika bonde hilo aliishi mwanamke, jina lake Mwanvua. Kwa kuengua povu hakuwa na mpinzani. Sukari yake ilitoka safi, huoni hata kijiti ndani. Mumewe, Kobero, ndiye aliyekoroga. Huyo akigusa rojo kwa ncha ya ulimi anakwambia hili bado, hili tayari, hili limepikwa kwa miwa ya juzi. Mama yake Kobero, Bi Chiku, alikuwa akimimina sukari kwenye vibao ikashike. Dada yake Kobero, Mwashamba, msichana mwenye mchumba tayari, alikuwa akileta makapi na kuchochea moto. Watu wanne, karai moja, na kila mkono una kazi.

Wa tano alikuwa Tunu. Mwanvua alimpata Tunu baada ya miaka saba ya ndoa na mimba mbili zilizotoka. Nyumba nzima ilimpenda mtoto yule kupita kiasi. Bi Chiku alimwita mke mwenzangu. Mwashamba alimwimbia. Kobero, mtu mzima na ndevu zake, alikuwa akimnusa utosini anapodhani hakuna anayemwona.

Msimu wa kupika ulipoanza, Tunu alikuwa na miezi minne. Mwanvua alimlaza katika kikapu kipana, kwenye kivuli, mbali na moto, akampa kitambaa safi kilichofungwa fundo, ashike na kujitafunia kwa fizi. Kitambaa kikavu. Nasema kikavu, msije mkanigeuzia.

Karai likachemka. Tunu akalia.

"Baba Tunu, mtoto analia," alisema Mwanvua. Maziwa yalikuwa yameshaanza kumtoka, kanga imelowa kifuani.

"Namsikia. Engua kwanza, linapanda hilo."

Akaengua. Mtoto akalia. Akaengua tena, machozi yanamlengalenga, na upawa haukusimama.

Bi Chiku alikuwa karibu na kikapu. Akamwangalia mjukuu wake, uso umemwiva kwa kilio, na moyo ukamuuma, wacheni niseme kweli, ukamuuma sana. Akachukua lile fundo, akalichovya kwenye rojo lililopoa ukingoni mwa kibao, akamtia kinywani.

"Nyamaza, mke mwenzangu. Tone tu. Tone moja litakufanya nini?"

Tunu akanyamaza. Macho yakamtoka kwa mshangao wa utamu ule, akacheka. Na Bi Chiku naye akacheka, akarudi kwenye vibao vyake. Kesho yake akafanya vilevile, na keshokutwa. Mara moja kila siku, wala hakumwambia mtu.

Mchana, Bi Chiku akienda kuswali, Mwashamba alikuwa akipita na mzigo wa makapi kichwani. Tunu analia. Mwashamba akatua mzigo, akaliona fundo limekauka, akatazama huku, akatazama kule. Akalichovya.

"Nyamaza, shangazi yupo. Tone tu. Tone moja litakufanya nini?"

Tunu akanyamaza. Mwashamba akamfinya shavu, akabeba mzigo wake. Kesho akafanya tena, na keshokutwa akafanya mara mbili. Naye hakumwambia mtu.

Jioni, karai likishatolewa sukari na kabla halijajazwa tena, Kobero alikuwa anapata nafasi ya kumwinamia mwanawe. Siku ya nne akambusu mdomoni. Akasimama. Akalamba midomo yake. Na mtu yule, nimeshawaambia ulimi wake ulivyokuwa. Alijua hii ni sukari, tena ni sukari ya leo, ya karai la asubuhi.

Mnadhani alisema? Alitazama rundo la miwa lililobaki. Akamtazama mkewe anayefunga kiuno arudi kwenye moto. Akawaza, nikisema, Mwanvua ataacha upawa, na karai litaungua. Akajiambia, "Tone tu. Tone moja litamfanya nini? Karai hili liishe, nitasema." Likaisha hilo, likaja jingine. Likaisha na hilo.

Na wewe unayetikisa kichwa hapo kana kwamba kwako hakuna aliyewahi kumlambisha mtoto ncha ya kidole. Tutulie.

Wiki ya pili Tunu akaanza kukataa ziwa. Mwanvua anamweka kifuani, mtoto ananusa, anageuza uso, analia. Anamrudisha, anageuza uso. Tumbo likamvimba, kisha likamwendesha. Ile mikunjo ya mapaja aliyokuwa nayo ikaisha. Matiti ya Mwanvua yakajaa mpaka yakawa magumu yanauma, halafu, kwa kuwa hayanyonywi, maziwa yakaanza kupungua. Miaka saba alimngoja mtoto yule, sasa anamwona anaondoka mikononi mwake, wala hajui kwa nini.

Watu wa Kisukwa wakajua kwa nini. Hawakosi jibu wale. Kwao kila kitu kikiharibika, kimeungua. "Moto wa karai umemwingia kifuani," wakasema. "Maziwa yake yameungua. Mtoto anasikia uchungu." Wakasema kisimani, wakasema kinuni, wakasema akiwa anapita. Mwanamke mmoja alimwambia usoni, "Pole, Mama Tunu. Maziwa yakishaungua hayarudi." Mwanvua akajitwika ndoo yake akaenda, na njia nzima alikuwa analia.

Akaitwa mkunga, Bi Mwahija. Mama yule hakuwa na maneno mengi. Akampakata Tunu, akamminya tumbo polepole, akawatazama wote wanne.

"Nauliza mara moja, na nijibiwe mara moja. Kuna aliyetia kitu kinywani mwa mtoto huyu?"

Mwanvua akasema, "Ziwa langu tu, bibi."

Kobero akatazama miguu yake. "Mimi sijampa kitu." Na hilo lilikuwa kweli, mwenye kweli yake apewe.

Mwashamba akasema, "Mimi? Hata maji!"

Bi Chiku akakohoa. "Jamani, nani atampa kitu mtoto wa miezi minne?"

Bi Mwahija akashusha pumzi. Kama hakuna aliyempa kitu, basi wenye bonde wamesema kweli, ni maziwa. Akaamua kwamba kesho asubuhi Mwanvua afungwe matiti kwa kitambaa mpaka yakauke, na mtoto ajaribiwe maziwa ya mbuzi. "Akiyapokea," alisema. Hakumalizia, na hakuna aliyemwomba amalizie.

Asubuhi wakaja majirani wanawake sita na kitambaa kirefu. Mwanvua akakaa kwenye mkeka, akavua blauzi, akainua mikono juu. Hakubishana. Aliamini kweli kwamba kifua chake kinamuua mwanawe. Wakaanza kumzungushia, mzunguko wa kwanza, mzunguko wa pili.

Bi Chiku akasema, "Mwacheni."

Wakaendelea.

"Nimesema mwacheni! Maziwa ya mkwe wangu ni mazima. Ni mimi." Mtu mzima yule akakaa chini, hapo mbele ya majirani sita, akajifunika uso kwa upande wa kanga. "Nilikuwa nachovya fundo. Kila siku. Nilimwonea huruma analia, na mama yake hawezi kuja. Nisameheni. Mwanvua, mwanangu, nisamehe."

Kitambaa kikaanguka.

"Mara ngapi kwa siku?" aliuliza Bi Mwahija.

"Mara moja. Naapa. Mara moja tu."

"Mara moja tu, ndiyo imfikishe hapa?"

"Naapa."

Mwashamba alikuwa mlangoni na mtungi wa maji. Hakusema neno. Kobero alikuwa nje ya dirisha, anasikia yote. Hakusema neno.

Bi Mwahija akalitupa lile fundo motoni, akamgeukia Mwanvua. "Sikiliza, mama. Ulimi wa mtoto umezoea karai, na ziwa la mama halina utamu wa karai. Akilamba sukari hasikii njaa, hanyonyi. Asiponyonya, maziwa yanapungua. Na tumbo lake bado changa, halijui hiyo sukari liifanyeje. Maziwa yako ni mazima kabisa. Mkumbatie ngozi kwa ngozi mchana kutwa. Akikataa, kamua kwenye kikombe, mdondoshee. Usimpe kingine. Na usikaribie karai."

"Na karai nani ataengua?" aliuliza jirani mmoja, maana ndivyo walivyo.

Hapo Kobero akaondoka dirishani. Karai lilikuwa jikoni, limejaa, linaanza kuchemka, na shamba zima la chini lilikuwa limekatwa, miwa imelala uani. Miwa iliyokatwa haingoji, ndani ya siku chache inachacha. Kobero akachukua reki, akauvuta moto wote kutoka chini ya karai, akaumwagia maji. Ukazima. Katika bonde la Kisukwa hakuna mtu aliyewahi kuzima moto chini ya karai lililojaa. Wanaume wakaja kutazama. Wakacheka, wakamwita mwanamume aliyezimiwa karai na mtoto mchanga. Miwa ikachacha uani, nyuki na nzi wakajaa, jasho la mwaka mzima likanuka mpaka barabarani. Kobero akaingia ndani akakaa mgongoni kwa mkewe ili Mwanvua apate pa kuegemea.

Bi Chiku naye alilipa. Tangu asubuhi ile, wanawake walianza kumficha watoto wao. Akinyoosha mikono kumpokea mtoto wa jirani, mama mtu anajifanya hakuona. Bibi aliyepakata nusu ya watoto wa bonde lile akawa anakaa peke yake barazani, mikono mapajani.

Na Mwashamba? Mwashamba alikishika kile kikombe. Siku tisa. Mwanvua anakamua, Mwashamba anadondosha, tone baada ya tone, pembeni mwa mdomo wa Tunu, huku anamwimbia. Mtoto akitema, yeye anafuta, anaanza upya. Alimpikia wifi yake uji wa mtama, alimkanda mgongo, alimfulia, alimchana nywele. Siku ya sita, wakaja watu wa kwa mchumba wake kuleta mahari, wazee watano na kanzu zao. Desturi ni binti atoke awasalimie. Mwashamba akatuma neno, "Naomba wanisamehe, mtoto anameza." Wakangoja. Akatuma neno lilelile. Wakasimama wakaenda zao wamekasirika, na mahari ikaenda nao, haikurudi tena.

Siku ya tisa, mchana mweupe, Tunu akiwa kifuani kwa mama yake, akageuza kichwa mwenyewe. Akatafuta. Akashika ziwa. Akavuta. Mwanvua akapiga kilio kikubwa mpaka mtoto akashtuka akaachia, kisha akatafuta tena, akashika tena, na safari hii hakuachia. Nyumba nzima ililia. Kobero alilia kwa sauti. Mwashamba aliweka kikombe chini akajilaza palepale sakafuni, akalala usingizi.

Basi Tunu akapona. Akanenepa, mikunjo ya mapaja ikarudi. Miezi sita ikatimia. Na shamba la juu, lile pekee lililowabakia, lilikuwa limekomaa. Kesho yake karai linawashwa, hakuna namna, la sivyo watakula nini? Mwanvua lazima arudi kwenye upawa. Kwa hiyo kijiko lazima kipate mtu leo.

Ndugu wakakusanyika. Uji wa ulezi ukapikwa, mwepesi, bila sukari hata chembe. Mwanvua akakaa na Tunu mapajani, kijiko mkononi. Akawatazama wote.

"Mimi sina haja ya kufikiri," akasema. "Mama alikosa, akasema, nimemsamehe. Mume wangu alizima moto, sitasahau. Lakini mtu aliyemrudisha mwanangu tone kwa tone namjua. Wifi, njoo. Shika."

Mwashamba akaja, akapiga magoti. Akanyoosha mkono. Vidole vyake vilikuwa vimeshagusa mpini.

Akarudisha mkono.

"Wifi, subiri. Mimi pia nilichovya."

Akaketi juu ya visigino, akaendelea.

"Kila siku mchana, mama akienda kuswali. Siku nyingine mara mbili. Mkunga aliniuliza, nikasema hata maji. Mama alipokiri, nilikuwa mlangoni, nikamwachia aibu yote peke yake. Uliporudi kisimani unalia, nilikupokea ndoo, nikakufuta machozi, na nilikuwa najua. Siwezi kushika kijiko hiki, na huku unanishukuru."

Mwanvua akageuka polepole, akamtazama mumewe, kwa sababu Kobero alikuwa ameinamisha kichwa, na mke anajua kichwa cha mumewe kinapoinama hivyo.

"Na wewe, Baba Tunu?"

"Sikumpa kitu," alisema Kobero. "Lakini nilimbusu nikasikia utamu. Tangu siku ya nne nilijua. Nilitaka karai liishe kwanza."

Jamani! Nyumba ikalipuka. Kila mtu na lake, mpaka Bi Mwahija akapiga sufuria kwa mwiko wakanyamaza. "Mmoja mmoja," akasema. "Uji unapoa."

Bi Chiku akaanza. "Mimi ndiye niliyeanza, sikatai. Lakini mimi ndiye niliyesema wakati kusema kunaokoa. Kitambaa kilikuwa kinamzunguka kifuani. Nisingefungua mdomo wangu, maziwa yangekauka na leo tusingekuwa na mtoto wa kumlisha. Mwashamba amesema leo, mtoto ameshapona, anacheka. Kusema kwake kumemponya nani? Nipe mjukuu wangu. Fundo lile limenifundisha, sitatia tena kitu kinywani mwa mtoto bila kuulizwa mpaka naingia kaburini."

Mwashamba akasema, "Mimi sikukitaka. Lakini kama ni kusema, basi niseme na mimi. Mama, ulisema umebanwa, mtoto anakufa mbele yako. Mimi hakuna aliyekuwa ananishuku. Kijiko kilikuwa mkononi mwangu, ningefunga mdomo tu. Na zile siku tisa? Yule mchumba? Nilidanganya, ndiyo, lakini huyu mtoto najua anavyomeza, najua anavyogeuza shingo akishiba. Hakuna mwingine hapa anayejua, labda mama yake."

Kobero akasema, "Mimi sina maneno mengi. Sheria inasema asitie mtu kitu kinywani mwa mtoto. Hawa wawili walitia. Mimi sikutia. Nilinyamaza kwa ajili ya karai, na karai lenyewe nikalizimia moto kwa mikono yangu, na mwaka mzima wa jasho langu nikauacha uchache uani. Nimekuwa kichekesho cha bonde zima hadi leo. Mtu aliyewahi kuchagua karai, akaona matokeo, akachagua mtoto, hawezi kuchagua karai tena. Kesho kijana wa jirani atakoroga badala yangu. Nipe mimi mwanangu nikae naye."

Mwanvua alikuwa analia kimyakimya, machozi yanaangukia nywele za Tunu.

"Wewe mama uliniokoa," alisema, "lakini ulingoja mpaka nimeinua mikono juu. Wewe wifi ulinifuta machozi, na wewe ndiye uliyeyaleta. Wewe Baba Tunu ulilala kitanda kimoja na mimi, mimi nalia kwamba maziwa yangu ni sumu, na ulimi wako unajua." Akafuta nywele za Tunu. "Na mimi mwenyewe nitaficha nini? Mtoto aliyekuwa analia alinyamaza ghafla, kila siku, saa zilezile. Mama gani hajui kwamba mtoto mwenye njaa hanyamazi bure? Nilisikia kimya kile nikashukuru Mungu, nikaendelea kuengua. Sikwenda kutazama. Kwa hiyo simhukumu mtu. Nawapenda wote, na nyote mnampenda. Mapenzi hayo ndiyo yanayonitia hofu."

"Mama Tunu," alisema Bi Mwahija, kwa upole sasa. "Kata shauri."

Haya. Mimi nimefika hapo, na sisogei. Msiniambie wapewe wote watatu. Watatu ndivyo ilivyokuwa mwanzo, kila mtu na tone lake. Msiniambie Mwanvua akae nyumbani, nimeshasema shamba la juu ndilo pekee lililobaki. Na usininong'oneze wewe, sema kwa sauti, mwenzio akusikie akupinge.

Uji umefika vuguvugu. Tunu amekiona kijiko, amefungua kinywa, anangoja, naye hana kinyongo na yeyote kati yao. Yupo aliyesema mapema, baada ya kuanzisha. Yupo aliyesema amechelewa, na kijiko ki mkononi. Yupo ambaye hakutia kitu, akajua, akanyamaza, kisha akauzima moto. Je, nani alistahili? Na ukishamtaja, usikae kwanza. Asubuhi unakwenda kwenye karai, na mtoto ni wako wewe: ungemwachia huyohuyo?